Alfred Büchi, mtu aliyetafutia motere pumzi

MUSONOI, KOLWEZI. Ukipita kwenye garaji za Musonoi, hukosi kukuta gari la zamani ambalo kapo yake imetobolewa, ao tiyo ya plastiki, ile ya kupitishia maji, imefungwa kwenye boksi ya filtiri ya hewa na kuletwa mpaka mbele karibu na taa. Mwenye gari anataka upepo uingie wenyewe wakati gari linakimbia, ili motere ipate nguvu zaidi. Kuna watu wanaocheka. Wasicheke haraka. Miaka ya 1960, viwanda vikubwa vya Marekani viliuza magari ya silinda 8, kama vile Pontiac GTO, yakiwa na matundu ya namna hiyo juu ya kapo, na vijana wa kule waliyapenda sana.

Lakini kuna mtu aliyesumbuka na hoja hiyo mbele yao wote. Aliitwa Alfred Büchi, enjeniere wa inchi ya Uswisi. Chombo alichokibuni ndicho kinacholia kama mluzi chini ya kamio zinazotoa shaba na kobalti ya Lualaba kwenda Kasumbalesa. Chombo hicho kila shofere anakijua: ni tirbo. Mwenyewe, mashofere wanaomjua ni wachache, ingawa katika historia ya motere jina lake liko karibu na lile la Rudolf Diesel.

Büchi alizaliwa tarehe 11 Julai 1879 mjini Winterthur. Mtu aliyekulia Kolwezi wakati wa Gécamines ataelewa mji huo bila kuelezwa sana: kulikuwa na kampuni kubwa, Sulzer, na familia nyingi ziliishi kwa mshahara wake. Baba yake, Johann, alikuwa mmoja wa wakubwa wa kampuni hiyo, kwa hiyo mtoto alikua akisikia habari za mashine kwa meza ya nyumbani. Mwaka 1899 aliingia shule kubwa ya ufundi ya Zurich, na kunako 1903 akatoka na diplome ya uenjeniere.

Kisha akaenda kufanya kazi inje ya inchi, Ubelgiji na Uingereza. Katika mji wa Gent, Ubelgiji, aliingia kwenye kiwanda cha ndugu wa familia ya Carels, waliokuwa kati ya watu wa kwanza kutengeneza motere za mazutu. Ni katika miaka hiyo alianza kuumwa na jambo moja ambalo wengine waliliona kuwa la kawaida, nalo ni moshi. Mazutu inanunuliwa kwa pesa, inaungua, na sehemu kubwa ya nguvu yake inatoka kwa eshapema ikiwa bado moto. Sehemu ingine inaishia mu maji ya radiateri. Kinachofika kwenye kazi yenyewe ni kidogo.

Hapa inafaa kusimama kidogo, juu watu wengi wanafikiri motere inakula mafuta peke yake. Kilo moja ya mafuta inahitaji karibu kilo 15 za hewa ili iungue vizuri. Kuongeza mafuta ni rahisi, hata mtoto anaweza. Kazi iko kwenye kuongeza hewa, kwa sababu silinda ni ile ile na pistoni inavuta kadiri inavyoweza. Na Kolwezi iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1400. Hewa ya hapa ni nyepesi, inapungukiwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na ile ya Durban ao Dar es Salaam kwenye bahari. Motere isiyo na tirbo inaacha nguvu hiyo njiani mbele hata ya kufika Musonoi. Watu wa Kivu wanalijua jambo hili kuliko wengine, wao wanaopandisha Kabasha ao Ngomo na mzigo.

Je, ile tiyo ya mbele inasaidia? Hesabu yake si ngumu. Gari likienda kilometa 100 kwa saa, upepo unaopiga mdomo wa tiyo unaongeza hewa kwa nusu ya asilimia tu. Kwa kilometa 200 inafika karibu asilimia 2, na barabara ya kwendea 200 hapa Musonoi haiko. Faida ya kweli iko kwingine. Hewa ya inje ni baridi kuliko ile iliyofungiwa chini ya kapo, na kila digri 10 za joto zikipunguka, hewa inayoingia inaongezeka kwa karibu asilimia 3. Kwa hiyo mekanisie anayeipitisha tiyo mbali na radiateri na eshapema anafanya kazi ya maana, hata kama sababu anayoitoa si ile. Yule anayeondoa filtiri ili hewa ipite bila kizuizi, huyo anaua motere. Vumbi la barabara za machimbo linakula silinda na segima pole pole, mpaka siku gari linaanza kunywa oili. Na mdomo wa tiyo ukiwekwa chini sana, mvua moja kubwa ya mwezi wa kwanza inatosha: motere inavuta maji, biele inapinda, na gari lililokuwa linalipia watoto shule linabaki juu ya mawe.

Büchi yeye hakutegemea upepo wa barabara. Motere ya kiwanda imefungwa kwenye simiti, haikimbii popote. Upepo gani utaisukumia hewa? Aliwaza hivi: moshi unaotoka kwa nguvu uzungushe gurudumu lenye mapanga. Gurudumu hilo lifungwe kwenye chuma kimoja na gurudumu la pili, na lile la pili lisukume hewa safi ndani ya silinda. Kile kilichokuwa kinatupwa kinageuka kuwa mfanyakazi. Breve yake ya Ujerumani ina tarehe ya 16 Novemba 1905. Alikuwa na miaka 26.

Toka hapo mpaka kufaulu ilipita miaka 20.

Alirudi Uswisi na kuingia Sulzer, kampuni ya baba yake, ambako kuanzia 1911 walimwachia nafasi ya kufanya majaribio. Matokeo hayakuwa mazuri. Turbini na kompreseri za wakati ule zilipoteza nguvu nyingi zenyewe, na moshi uliozuiliwa na mapanga ulirudi nyuma na kubaki mu silinda, mahali hewa mpya ilitakiwa iingie. Vyuma navyo havikuvumilia joto. Kunako 1915 aliwaendea Brown Boveri, kampuni ya mji wa Baden iliyojua turbini kuliko wengi, akitaka washirikiane. Wakati huo hawakukubali.

Wengine hawakungoja. Vita vya Kwanza vilikuwa vinaendelea na ndege zilikuwa zinakosa nguvu kule juu, shida ile ile ya Kolwezi lakini mara nyingi zaidi. Ufaransa, Auguste Rateau alitengeneza tirbo ya ndege. Marekani, Sanford Moss alibeba motere ya ndege mwaka 1918 mpaka kilele cha mlima Pikes Peak, kwenye mita zaidi ya 4000, ili kuonyesha wakubwa wa jeshi kwamba motere yenye tirbo haichoki hewa ikipunguka. Ilikubalika. Mtu aliyekuwa wa kwanza kuandikisha wazo lile alikuwa angali Winterthur na motere yake isiyotaka kusikia.

Mwezi wa Juni 1924 mambo yakaanza kugeuka. Brown Boveri, waliokuwa wamebadili mawazo, walitoa mu kiwanda cha Baden tirbo yao ya kwanza kubwa, ikapelekwa Winterthur ifungwe kwenye motere ya majaribio ya SLM, kiwanda cha lokomotivi. Mwaka uliofuata Büchi akachukua breve mpya, na hapa ndipo mekanisie wa Musonoi anapaswa kutega sikio, kwa sababu jibu lilikuwa kwenye tiyo.

Mpaka wakati ule moshi wa silinda zote ulikusanywa pamoja mbele ya kufika kwenye mapanga. Büchi aligawanya silinda kwa vikundi, kila kikundi na tiyo yake nyembamba mpaka kwenye tirbo. Hivyo pigo la moshi wa silinda moja halikuenda tena kuzuia jirani yake, lilifika kwenye mapanga likiwa na nguvu yake yote. Tena aliziacha valvu za kuingiza na za kutoa zikae wazi pamoja kwa kitambo kidogo, ili hewa baridi ipite na kufagia moshi uliobaki, ikipoza silinda na mapanga kwa wakati mmoja. Hakuongeza ukubwa wa kitu. Alipanga njia ya moshi, basi. Motere nyingi kubwa za leo zingali na tiyo zilizogawanywa namna hiyo, na mtu anayekata eshapema ya tirbo na kuiunganisha upya bila kufuata vikundi vile anaharibu kazi iliyochukua miaka 20.

Majaribio makubwa ya kwanza yalikuwa kwenye meli mbili za abiria za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, katika miaka ya 1925 na 1926. Motere zake za silinda 10, ambazo bila tirbo zilitoa nguvu za farasi 1750, zilifika 2500. Silinda zile zile, na nguvu zaidi kwa asilimia 40 hivi. Baada ya hapo Büchi aliachana na Sulzer, akaunda ushirika na Brown Boveri na SLM, na wenye viwanda vya motere wakaanza kutafuta ruhusa ya kutumia njia yake. Mwaka 1938 kampuni ya Saurer, nayo ya Uswisi, ikaweka tirbo kwenye motere ya kamio.

Shida ya joto haikuisha kwa hesabu peke yake, ilihitaji madini. Wakati wa Vita vya Pili, Waamerika walihitaji tirbo nyingi kwa ndege zao za kivita, na mapanga yake yalianza kumwagwa kwa aloi ya kobalti, kwa kuwa inabaki ngumu hata ikiwa nyekundu kwa moto. Katika miaka ile hakuna mahali mu dunia palipotoa kobalti kama Katanga, chini ya Union Minière. Wafanyakazi waliochimba hawakuelezwa inaenda kufanya nini. Leo watu wakisikia kobalti wanawaza betri tu.

Chuma chenyewe, hata kikiwa kizuri namna gani, kinaelea juu ya oili nyembamba. Tirbo ya kamio inaweza kufika mizunguko 100000 kwa dakika. Shofere anayetoka kupandisha mzigo na kuzima motere papo hapo, juu amechoka na anataka kulala, anaacha oili iungue ndani yake ikiwa imesimama. Dakika mbili ao tatu za kuiacha iungurume pole pole zinatosha.

Alfred Büchi alikufa tarehe 27 Oktoba 1959 mjini Winterthur, akiwa na miaka 80. Alikuwa ameona chombo chake kwenye meli, lokomotivi, ndege na kamio. Kwenye gari ndogo za kuuzwa kwa watu wa kawaida hakukiona: Chevrolet na Oldsmobile walizitoa za kwanza mwaka 1962, huko huko Marekani ambako kapo zingetobolewa miaka michache kisha. Ile ya Oldsmobile, jina lake Jetfire, ilihitaji mwenye gari ajaze kila mara maji ya pekee yaliyochanganywa na alkoli, ili motere isigonge. Wengi walisahau kujaza, na mwishoni kampuni ikajitolea kuwaondolea tirbo bure na kuwawekea kabirateri ya kawaida.