Miungu ya Wagiriki Mbele ya Kristo

Wazazi wengi Wakristo huviogopa vitabu vya hekaya vyenye miungu ya wapagani. Hofu yao twaielewa. Lakini na tuyatazame maisha ya C. S. Lewis.

Alizaliwa mjini Belfast mwaka 1898, akafiwa na mama yake mwaka 1908, na ujanani akaiacha imani. Alizipenda mno hekaya za Wagiriki wa kale, hata Injili akaidhania kuwa mojawapo. Mwaka 1931, huko Oxford, rafiki yake Tolkien, Mkatoliki thabiti, alimwonyesha kwamba yale yaliyootwa na hekaya, Mungu ameyatimiza kweli katika Kristo. Siku chache baadaye Lewis akamsadiki Kristo, ingawa hakuingia Kanisa Katoliki.

Kati ya 1950 na 1956 alitoa vitabu saba vya Narnia. Humo yumo hata Bacchus, mungu wa mvinyo, lakini yu chini ya Aslan, simba aliyekufa na kufufuka kwa ajili ya mtoto msaliti; na bila Aslan, wasichana wawili wakiri, wangemwogopa Bacchus. Lewis alifariki mwaka 1963.

Basi, enyi wazazi, msiwanyang'anye watoto kitabu. Kisomeni pamoja nao, mkiwaonyesha ni nani Bwana, na ni nani mtumishi.