Lavoisier, mwanakemia aliyetenganisha fosfeti na fosfaidi

MALORI ya mbolea yanayotoka bandari ya Mombasa kuelekea bara hupitia Mtito Andei, Kaunti ya Makueni, mji ambao jina lake kwa Kikamba ni msitu wa tumbusi. Wakulima huiita mbolea hiyo DAP, na herufi P husimamia fosfeti, neno lililoingizwa katika kemia na Mfaransa Antoine Lavoisier pamoja na wenzake watatu.

Lavoisier alizaliwa Paris mnamo Agosti 26, 1743. Babake alikuwa wakili naye akasomea sheria, ingawa moyo wake ulikuwa kwenye mizani ya maabara. Mwaka wa 1768 alichaguliwa kujiunga na Akademia ya Sayansi, na mwaka uo huo akanunua hisa katika kampuni iliyomkusanyia mfalme ushuru. Pato hilo lilimnunulia vifaa. Ndilo pia lililokuja kumponza.

Mnamo 1772 alichoma fosforasi, elementi ambayo Hennig Brand wa Hamburg aliipata kutoka kwa mkojo mwaka wa 1669. Wataalamu wa enzi hizo waliamini kuwa kitu kikiungua hupoteza sehemu yake. Lavoisier aligundua kwamba fosforasi huongezeka uzani, kwa kuwa huchukua kitu hewani. Kitu hicho baadaye alikiita oksijeni.

Majina ya kemia wakati huo yalikuwa vurugu tupu. Mwaka wa 1787 Lavoisier, Guyton de Morveau, Berthollet na Fourcroy walichapisha utaratibu mpya. Chumvi ya asidi ya fosforasi yenye oksijeni nyingi ikawa fosfeti, na ya ile yenye oksijeni kidogo ikawa fosfaiti. Fosforasi iliyoungana na metali pasipo oksijeni ilipewa jina la tatu, ambalo leo ni fosfaidi.

Tofauti hiyo ya silabi si mchezo. Fosfeti hulisha mizizi ya mahindi. Fosfaidi ya alumini, kwa upande wake, ni vidonge vya kufukizia nafaka ghalani. Vikipata unyevu hutoa fosfini, gesi inayoua wadudu na binadamu vilevile.

Mkewe, Marie-Anne, aliyeolewa mwaka wa 1771 akiwa na umri wa miaka 13 tu, alimtafsiria maandishi ya Kiingereza na kumchorea vifaa vya maabara.

Mapinduzi ya Ufaransa hayakuwasamehe watoza ushuru. Mnamo Mei 8, 1794, Lavoisier alihukumiwa na kukatwa kichwa siku iyo hiyo pamoja na wenzake 27, baba mkwe wake akiwemo. Marie-Anne, aliyempoteza mume na baba kwa siku moja, alikusanya maandishi ya marehemu na kuyachapisha. Alifariki mwaka wa 1836.