Michael Faraday: Mwana wa Mhunzi Aliyeupima Umeme

Kuna maneno niyasikiayo kila mara darasani, ati sayansi ni ya shule za mabweni zenye maabara kubwa, si yetu sisi wa kutwa. Mimi nawajibu kwa maisha ya Michael Faraday.

Faraday alizaliwa London, Uingereza, mwaka wa 1791. Babake alikuwa mhunzi mwenye afya mbovu, na nyumbani kulikuwa na shida. Shuleni alipata kusoma, kuandika na hesabu kidogo, basi. Alipofika miaka 14 akawa mwanagenzi wa fundi wa kujalidi vitabu. Kumbe hapo ndipo palipokuwa shule yake! Vitabu alivyovijalidi alivisoma pia. Mwaka wa 1812 alisikiliza mihadhara ya mwanakemia Humphry Davy, akaiandika, akayajalidi maandishi hayo na kumpelekea. Mwaka uliofuata akaajiriwa kuwa msaidizi wa maabara katika Royal Institution.

Watu walikwisha kujua kwamba umeme ukipita katika maji yenye chumvi ya shaba, shaba huganda kwenye ncha hasi. Faraday yeye alitaka kujua: kiasi gani? Kufikia mwaka wa 1834 alikuwa na jibu. Umeme ukipita maradufu, madini yanayoganda nayo huwa maradufu. Haba na haba hujaza kibaba! Tena, umeme uleule unaogandisha gramu 108 za fedha hugandisha takriban gramu 32 za shaba.

Mafundi wanaopaka vyuma nikeli, au shaba na zinki kwa pamoja, bado huanza na hesabu hiyo. Halafu huuchunga mkondo. Ukiwa mkali kupita kiasi, ganda huwa la kuparuza. Na penye madini mawili, mkondo ukibadilishwa, fungu la kila moja laweza kubadilika.

Alipopata sifa, Faraday alikataa kupewa cheo cha Sir. Alipenda kuwafundisha vijana sayansi wakati wa Krismasi. Alifariki mwaka wa 1867.

Wenzangu, hesabu za juu hakuzijua, ada hakuwa nayo, lakini daftari alikuwa nalo. Sisi pia tunalo. Tusingoje maabara kubwa ndipo tuanze kuuliza maswali.