John Cunningham, Rubani wa Majaribio

Hapa Rubavu, kando ya Ziwa Kivu, tunaishi kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mahali palipoinuka hivi hewa huwa nyepesi. Mabawa ya ndege hupata nguvu ndogo ya kuinulia, na injini nazo hupungukiwa, hata ndege ikalazimika kukimbia mwendo mrefu zaidi ardhini kabla ya kuruka. Kiasi cha upungufu huo hakijulikani kwa kukisia. Sharti mtu aende akapime. Tunasimulia hapa maisha ya mmoja wa waliopima, Mwingereza John Cunningham.

Cunningham alizaliwa karibu na London tarehe 27 Julai 1917. Mwaka 1935 alijiunga na chuo cha ufundi cha kiwanda cha ndege cha de Havilland. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipozuka, akawa rubani wa ndege za kivita za usiku, akaangusha ndege 20 za adui. Umma uliambiwa kwamba macho yake yalinolewa na karoti, kumbe aliongozwa na rada, chombo ambacho habari zake zilikuwa siri. Vita ilipokwisha akarejea kiwandani. Mwezi Septemba 1946 rubani mkuu wa majaribio, Geoffrey de Havilland, mwana wa mwasisi wa kiwanda, alikufa baada ya ndege yake kuvunjika angani. Cunningham akashika nafasi hiyo, akijua vyema jinsi ilivyoachwa wazi.

Tarehe 27 Julai 1949, siku aliyotimiza miaka 32, aliirusha kwa mara ya kwanza Comet, ndege ya abiria ya injini za jeti. Mwaka 1950 ililetwa Nairobi ijaribiwe katika mwinuko, na Khartoum ijaribiwe katika joto. Kazi ilikuwa kuruka, kupima, kuandika, kisha kurudia. Tarehe 2 Mei 1952 Comet ilianza kusafirisha abiria kutoka London hadi Johannesburg, ikitua Entebbe njiani.

Kisha yakaja maafa. Mwezi Januari na Aprili 1954 Comet mbili zilipasuka angani karibu na Italia, zikaanguka baharini, na watu 56 wakafa. Comet zikazuiwa kuruka. Wachunguzi waliuzamisha mwili wa ndege katika tangi la maji, wakaongeza na kupunguza shinikizo la ndani mara nyingi, mpaka ubavu wake ukapasuka. Ikabainika kwamba metali ilikuwa ikichoka kidogo kidogo, na nyufa zikianzia kwenye pembe za matundu yaliyokatwa ubavuni. Rubani asingeweza kuuhisi ufa wa namna hiyo, kwani ulikua safari baada ya safari. Jaribio hujibu swali lililoulizwa, na swali hilo halikuwa limeulizwa ipasavyo.

Cunningham angeweza kuachana na Comet, hakuachana nayo. Mwezi Desemba 1955 aliizungusha dunia kwa Comet 3, na mwaka 1958 akairusha Comet 4, ambayo muundo wake ulikuwa umeimarishwa. Mwezi Oktoba mwaka huo ikavuka Atlantiki ikiwa na abiria, na mwaka 1960 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki likaanza kuitumia. Alistaafu mwaka 1980, akafariki mwezi Julai 2002.

Sisi walimu nasi hutunga majaribio. Mwanafunzi akifaulu yote, tusidhani kwamba hana ufa. Huenda hatujauliza panapostahili. Kosa likidhihirika, tusimwache, wala tusiifiche karatasi. Turudi kupima upya.

Walimu tarajali watazame kiambishi -ka- katika masimulizi haya, jinsi kinavyofuatanisha matukio, kisha wakilinganishe na -nge- katika kitenzi angeweza, kinachotaja jambo lililowezekana lakini halikutendeka.