Kabla ununue kopo la virutubishi, msikie huyu daktari wa jicho moja aliyepima choo

Ukishuka stejini Witeithie jioni, kabla ufike kwa mama mboga utakuwa umepewa karatasi mbili tatu za watu wanaouza virutubishi. Kopo moja linatibu kisukari, presha, viungo, vidonda vya tumbo na hata mambo ya chumbani. Bei yake sasa ndiyo ya kukutoa jasho.

Shosho yangu alinunua moja. Akaambiwa kopo likishaingia mwilini, dawa za hospitali hazina kazi tena. Akaziweka kabatini. Wiki ya tatu tulikuwa tunambeba usiku kumkimbiza Thika, sukari imepanda hadi maneno yake hayaeleweki. Alipona, tunashukuru Mungu. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma sana kuhusu hii habari ya chakula kuwa dawa, na kuna mzee mmoja ambaye nataka umjue. Anaitwa Denis Burkitt.

Burkitt alizaliwa 1911 katika mji wa Enniskillen, Ayalandi Kaskazini ya sasa. Akiwa na miaka 11, jiwe lililorushwa kwenye ugomvi wa vijana lilivunja miwani yake na akapoteza jicho moja. Chuoni Dublin alianza na uhandisi, akaona hapana, akahamia udaktari. Kwa hivyo kama uliacha kozi na watu wa nyumbani wanakuangalia vibaya, tulia kidogo.

Afrika Mashariki haikuwa ngeni kwa familia yao. Ndugu ya baba yake, Roland Burkitt, alikuwa daktari wa upasuaji Nairobi enzi za masetla. Denis mwenyewe alipoomba kazi ya serikali ya kikoloni Afrika, alikataliwa kwa sababu ya jicho. Vita vya Pili vya Dunia vikamleta hata hivyo, akiwa daktari wa jeshi Kenya na Somalia. Vita vilipoisha akapata kazi Uganda, kwanza Lira mwaka wa 1946, kisha hospitali ya Mulago, Kampala.

Huko Lira ndiko tabia yake ilianza kuonekana. Aliona wanaume wengi wenye busha wanatoka upande mmoja wa wilaya, na upande mwingine karibu hawapo. Daktari mwingine angepasua tu na kuita anayefuata. Burkitt alijiuliza: mbona huku na si kule? Hilo swali alikaa nalo maisha yake yote.

Mwaka wa 1957 pale Mulago, daktari mwenzake Hugh Trowell alimwita aone mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Muda si mrefu akaona mtoto mwingine Jinja na shida ileile. Akaanza kutuma karatasi zenye picha kwa hospitali za Afrika nzima akiuliza nani ameona ugonjwa huu. Mwaka wa 1961, yeye na madaktari wawili walinunua gari kuukuu na kuendesha kama maili 10,000 hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Wakagundua kwamba ile saratani inafuata sehemu za joto na mvua, kule kule malaria inakotesa watu. Leo inaitwa limfoma ya Burkitt.

Sasa shika hapa vizuri, maana wauzaji wa makopo hupenda kuparuka. Wale watoto Burkitt hakuwapa majani wala unga. Aliwapa dawa za saratani za hospitali, ambazo wakati huo zilikuwa bado mpya, na baadhi yao walipona kabisa. Yaani huyu mtu ambaye baadaye alikuja kuwa sauti kubwa ya chakula duniani, alikuwa kwanza mtu wa dawa.

Trowell naye alikuwa bingwa wa kwashiakor, ule ugonjwa wa watoto kuvimba miguu na tumbo kwa lishe duni. Hapo chakula ni tiba kweli, hakuna mjadala. Kama mwili unakosa kitu, ukirudishiwa unaamka. Shida ni pale mtu anachukua ukweli huo mdogo na kuunyoosha mpaka ufunike kila ugonjwa wa mtaa.

Burkitt aliondoka Uganda 1966 na kwenda kufanya utafiti London. Akakumbuka miaka yake Mulago. Mbona kule hakuona sana bawasiri, vijiwe vya nyongo, kidole tumbo kuvimba au saratani ya utumbo mpana, na Uingereza wodi zimejaa? Akaandikia hospitali za mashambani Afrika zimtumie hesabu za magonjwa kila mwezi. Halafu yeye na wenzake wakafanya kitu ambacho wewe na mimi tungeona aibu. Walipima choo. Uzito wake, na muda ambao chakula kinachukua kutoka mdomoni hadi chini.

Matokeo yalitoka 1972. Wanakijiji wa Uganda walikuwa wanatoa karibu gramu 470 kwa siku, na safari ya chakula ilichukua siku moja na nusu. Wanamaji wa Uingereza walitoa karibu gramu 100, na safari ikachukua zaidi ya siku tatu. Tofauti, alisema Burkitt, ni nyuzinyuzi: yale maganda na makapi ambayo mashine za kisasa huyaondoa ili unga uwe mweupe.

Alizunguka dunia akihubiri hayo, na mwaka wa 1979 akaandika kitabu kuhusu nyuzinyuzi kilichosomwa na watu wa kawaida. Watu wakaanza kunyunyizia pumba za ngano kwenye uji. Kampuni zikachangamka, pumba zikaingia paketi na bei ikapanda. Burkitt alifariki 1993, akiwa na miaka 82.

Je, alikuwa sahihi? Nusu, na nusu yenyewe ni kubwa. Kwanza, wanakijiji aliowalinganisha walitofautiana na Waingereza kwa mambo mengi, si chakula pekee. Tena, wengi walikufa na malaria na kifua kikuu kabla wafike umri wa magonjwa ya wazee. Pili, mwaka wa 2000 utafiti wa Marekani kwa watu zaidi ya 1,300 uliwapa wengine pumba nyingi za ngano na wengine kidogo, kuona kama vinyama vya utumbo vinavyoweza kugeuka saratani vitapungua. Havikupungua. Lakini 2019, uchambuzi mkubwa wa tafiti nyingi ulionyesha kwamba wanaokula gramu 25 hadi 29 za nyuzinyuzi kwa siku wana hatari ndogo ya ugonjwa wa moyo, kisukari na saratani ya utumbo kuliko wanaokula kidogo sana.

Umeona mchezo? Kile kilichotolewa kwenye chakula kikauzwa kando hakikufanya kazi iliyotarajiwa. Chakula chenyewe, kikiwa kizima, kinaonekana kusaidia. Na hicho chakula tunacho hapa hapa: githeri, ndengu, maharagwe, sukuma, nduma, ugali wa unga wa posho ambao haujakobolewa. Sisi ndio tulianza kukiona cha ushamba, tukakimbilia unga mweupe wa paketi, chipsi na soda, halafu tunarudi kununua afya kwenye kopo.

Shosho siku hizi anameza dawa zake saa zilezile, anaenda kliniki, na sahani yake daktari anaijua. Kopo alilibakisha, anawekea ndengu.

Kwa hivyo mzazi wako akikuonyesha kopo jipya, usimkemee. Ana maumivu na amechoka kungoja foleni. Kaa naye, soma pamoja naye yaliyoandikwa nyuma, kisha libebeni hadi kliniki mkamuulize daktari kama linagongana na dawa anazomeza. Na muuzaji akisema lazima kwanza aache dawa, hapo usibishane naye. Mshike mzazi wako mkono muende nyumbani.