Tom Mboya: Bwana afya wa Nairobi aliyedai ujira wa haki

Kabla ya siasa kumpa jina, Thomas Joseph Mboya, aliyezaliwa mwaka wa 1930 Kilima Mbogo, alikuwa bwana afya. Karo ilimshinda Mang'u. Mwaka wa 1948 akaingia Jeanes School, Kabete, kusomea ukaguzi wa afya.

Baraza la Jiji la Nairobi lilimwajiri. Siku moja mwanamke Mzungu alileta maziwa yapimwe, akamkuta mezani, lakini akauliza iwapo hapakuwa na mtu. Kwa kazi ile ile, mkaguzi Mwafrika alilipwa sehemu moja ya tano ya mshahara wa Mzungu. Mboya akaunganisha wafanyakazi wenzake.

Baadaye mikutano yake ilifurika watu katika Ukumbi wa Kaloleni, mitaani Eastlands. Alipigwa risasi jijini Julai 5, 1969, kabla ya kutimiza miaka 39.