Rudolf Diesel na Moto Usio na Kiberiti

Malori, matrekta na mashine nyingi za kusaga hutumia dizeli. Jina hilo ni la mtu.

Rudolf Diesel alizaliwa Paris, Ufaransa, mwaka 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani. Vita vya Wafaransa na Wajerumani vilipoanza mwaka 1870, iliwabidi kuhamia London. Rudolf, mwenye miaka 12, alipelekwa kusoma Augsburg, Ujerumani. Baadaye alisomea uhandisi mjini Munich.

Siku hizo viwanda viliendeshwa kwa injini za mvuke. Zilikula makaa mengi, na joto jingi lilipotea bure. Diesel alitaka kuondoa hasara hiyo. Umewahi kugusa pampu ya baiskeli baada ya kujaza upepo? Huwa ya moto. Hewa ikishindiliwa hupata joto. Ikishindiliwa sana ndani ya silinda, huweza kuwasha mafuta bila kiberiti wala cheche.

Shida ilikuwa ni wakati. Mafuta lazima yaingie pistoni inapokaribia kufika juu, hewa ikiwa na joto kali. Yakiwahi mno, moto huipiga pistoni ikiwa bado inapanda, na injini hugonga. Yakichelewa, nguvu hupungua na moshi mweusi hutoka. Mafundi wa mashine wanalijua sana jambo hili.

Mwezi wa Agosti 1893 Diesel alijaribu injini yake ya kwanza huko Augsburg. Mafuta yalilipuka kwa kishindo. Kipimo kilichofungwa kwenye injini kikapasuka vipande vipande. Diesel alinusurika. Hata hivyo alifurahi, maana mafuta yalikuwa yamewaka yenyewe! Februari 1894 injini ilizunguka kwa dakika moja tu. Alizidi kuirekebisha. Mafuta yalipulizwa ndani kwa hewa ya nguvu, ili yaingie kwa wakati wake na kwa kiasi. Mwaka 1897 injini ilipimwa. Iligeuza kiasi cha asilimia 26 ya joto kuwa kazi. Injini nyingi za mvuke hazikufikia hata nusu ya hapo.

Katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, injini moja ya namna hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga.

Diesel alitajirika, kisha akaingia katika madeni. Tarehe 29 Septemba 1913 alipanda meli kwenda Uingereza. Alikula chakula cha jioni, akaenda chumbani. Asubuhi kitanda chake kilikutwa hakijalaliwa. Siku kadhaa baadaye mabaharia waliona maiti baharini. Walichukua vitu vilivyokuwa mifukoni. Mwanawe alivitambua kuwa ni vya baba yake.